Blogu ya Kibanda cha Funguo

Jumatatu, 3 Machi

Leo blogu imezaliwa. Dunia bado haijashtuka. Itashtuka.

Chapisho la kwanza: "Kitasa na Hatima ya Binadamu, Sehemu ya Kwanza." Ni refu, lakini Sehemu ya Kwanza inaishia kabla kitasa hakijabuniwa. Nimejizuia sana.

Fundi ni mke wangu. Yeye huchonga funguo na kufunga vitasa kwenye kibanda alichokipanga marehemu baba yake zamani hizo. Mimi ni upande wa kalamu. Nilikuwa msahihishaji gazetini mpaka siku nilipomsahihisha mhariri mkuu mbele ya wageni wake. Tangu hapo niko huru. Mke wangu hutumia neno jingine.

Hali yenyewe ni hii. Mwenye kibanda anakitaka kibanda chake mwisho wa mwezi. Mwanawe anataka kuuzia vioo vya simu humo, kana kwamba mji huu umepungukiwa na vioo vya simu. Tusipopata kazi kubwa na pahali pengine, mashine ya kuchongea itahamia jikoni kwetu. Jikoni anakaa mama mkwe. Mashine ile ina kelele, ila si mshindani wake.

Kwa hiyo nimejitolea kutuokoa. Hakuna aliyeniomba. Ndiyo maana ya kujitolea.

Mke wangu ana ombi dogo tu: niweke mtandaoni namba ya simu, mahali tulipo na saa za kufungua. Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo si blogu, hicho ni kibao. Akasema basi niandike kibao. Mazungumzo yakafia hapo.

Kufikia jioni nimepata oni moja. Ni la mama mkwe. Anauliza kama mwenye blogu ameanua nguo, maana wingu limetanda.


Jumanne, 4 Machi

Nguo zimelowa. Tuendelee na mambo ya maana.

Adui yuko ng'ambo ya barabara. Naye ni fundi funguo. Alifundishwa kazi na marehemu baba mkwe, kwa hiyo humwita mke wangu dada na mimi shemeji. Sikumbuki kumpa ruhusa. Katika shajara hii, ninayoiandika kando ya blogu, ataitwa Gumba, kwa sababu nitakayoieleza.

Ukurasa wake mtandaoni ni fedheha kwa lugha iliyoandikwa. Video fupi. Vidole vyake vinaingiza ufunguo, ufunguo unazunguka, tik. Mwisho. Hakuna utangulizi, hakuna hoja, hakuna hata kichwa cha habari. Watu wakimuuliza swali huwajibu kwa ile picha ya dole gumba lililosimama. Ndiyo elimu yake yote. Na wafuasi wake wangejaza uwanja wa mpira! Wangu wanaenea kwenye pikipiki moja, na dereva ni mimi.

Leo nimeamua kumtolea uvivu. Chini ya video yake mpya nimeandika uhakiki wa aya tisa kuhusu jinsi tik inavyowaua wasomaji. Akajibu kwa dole gumba. Wafuasi wake wakaingia. Mmoja akasema nifupishe. Wa pili akaomba aliyeisoma awaeleze inahusu nini. Wa tatu akaniita Mzee wa Insha, na jina limeganda kama gundi. Nikawajibu wote, mmoja mmoja, kwa urefu unaostahili. Imenichukua siku nzima.

Jioni mke wangu akanieleza jinsi mtandao unavyofanya kazi. Ukiona watu wanabishana mahali, huwapeleka wengine pale pale wakatazame. Video ya Gumba leo imetazamwa kuliko zote alizowahi kuweka. Maana yake nimeshinda nikimsukumia mkokoteni mlimani.

Alinieleza bila kucheka. Mama mkwe alicheka kwa niaba ya wote wawili.


Alhamisi, 6 Machi

Mkakati mpya: kuwafuata wasomaji walipo. Nimetuma Sehemu ya Pili kwenye makundi yote ya WhatsApp niliyomo. La ukoo. La mtaa. La tuliosoma pamoja. Pia lile la kamati ya msiba wa binamu, ambalo lilipaswa kufungwa zamani lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka.

Sasa mimi nimekuwa wa kwanza. Mwenyekiti aliniondoa. Wa mtaa naye akaniondoa. Tuliosoma pamoja waliniacha, ila wamehamia kundi jingine ambalo sijalijua jina. Shangazi alituma sauti akiuliza kama naumwa, na kama mke wangu anajua.

Hata hivyo, kuna mafanikio. Mtu wa mtaani alikuwa amejifungia nje ya nyumba yake, akaniomba namba ya fundi haraka. Nikamtumia kiungo cha Sehemu ya Pili, ambayo inalijibu swali lake kwa kina zaidi, hasa ukurasa unaohusu uhusiano wa mwanadamu na mlango wake mwenyewe. Kimya. Nadhani alisoma. Baadaye nikaona Gumba akivuka na kisanduku chake cha vifaa kuelekea nyumba ile ile.

Watu hawataki maarifa. Wanataka kuingia ndani.


Ijumaa, 7 Machi

Ushindi!

Mwisho wa mtaa wetu kuna jengo la ghorofa sita lenye geti la kijani. Msimamizi wake ni mama mmoja ninayemwita Bi Meneja. Hutembea na rundo la funguo kiunoni kama bwana jela na huongea nawe huku akitazama viatu vyako. Anataka vitasa vipya kwenye milango yote, kwa kuwa wapangaji wa zamani wamehama na funguo zao. Kazi yote amempa mke wangu.

Na si hiyo tu. Chini ya jengo, kando ya ngazi, kuna chumba kitupu chenye dirisha linalotazama barabarani. Kazi ikiisha vizuri, chumba hicho kinakuwa karakana yetu. Mwenye kibanda na vioo vyake waende zao. Jiko limesalimika.

Mke wangu alikiingia chumba kile, akapima kwa hatua zake mahali pa mashine, akasimama dirishani akitazama nje. Nimemuoa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba huko ndiko kushangilia kwake.

Nikamuuliza Bi Meneja ni sehemu gani ya blogu iliyomshawishi. Akauliza blogu ipi. Akasema mwezi uliopita alikwama bafuni kwake, kitasa kikagoma, akampigia mke wangu, akaja akafungua akaondoka. "Na hakumwambia mtu," akasema. Akarudia: "Mpaka leo hakumwambia mtu." Akitazama viatu vyangu.

Nimeelewa. Anaisoma blogu kwa siri.


Jumapili, 9 Machi

Kazi inakwenda mbio. Mke wangu amefunga vitasa vyote, na leo amekamilisha mpango wa funguo. Kila mpangaji ana ufunguo wake unaofungua mlango wake peke yake. Halafu kuna ufunguo mmoja unaofungua yote, atakaopewa Bi Meneja kesho. Mafundi huuita ufunguo malaya. Mama mkwe hulitamka jina hilo bila kupepesa, mbele ya chai. Mimi siwezi kulichapisha. Nimeupa jina Ufunguo Mkuu.

Ni kitu kizuri ajabu. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii nikidhani anakwaruza chuma tu. Meno yale yamepanda na kushuka kama ubeti.

Sasa, ipo sheria aliyoiacha marehemu baba mkwe: funguo za wateja hazipigwi picha. Mke wangu ameirudia kwangu mara kadhaa wiki hii, na bila sababu, kwa maoni yangu. Naiheshimu sheria hiyo. Lakini mtu aliyesoma huichambua sheria kabla ya kuitii. Ufunguo wa mteja ni ule unaofungua mlango wa mteja fulani. Huu haufungui mlango wa fulani. Unafungua milango ya wote. Kwa hiyo ni mali ya umma.

Sheria haikuguswa hata kidogo.

Alipokwenda kuoga nilitandika suruali yangu nyeusi mezani, karibu na dirisha, nikauweka ufunguo juu yake. Mwanga ulikuwa kama umetengwa maalumu. Kila jino linaonekana. Kando yake nikaweka rula, alama za milimita zikitazama juu, ili mbishi yeyote asije akasema tunapiga chuku.

Maelezo nikayaandika mafupi, kwa mara ya kwanza maishani: "Kazi ya mikono yetu. Ufunguo mmoja, milango yote ya jengo la geti la kijani." Nikabandika na ramani ya lilipo.

Wanaosema mimi siwezi ufupi, nadhani wamejibiwa.


Jumatatu, 10 Machi

Nimevuma.

Tangu alfajiri simu inatetemeka mezani kama mgonjwa wa homa. Picha imesambazwa, na waliosambaziwa wameisambaza. Jambo la ajabu: hakuna anayebisha. Hakuna anayeniambia nifupishe. Wengi wanaihifadhi tu kwenye simu zao na kuondoka kimyakimya. Huu ndio usomaji niliokuwa nikiutafuta, wa watu wanaotunza kitu ili wakirudie wakiwa wametulia.

Wafuasi wapya ni wa kila aina. Mafundi wa miji ya mbali. Mnunuzi wa vyuma chakavu. Mmoja ambaye picha yake ni bisibisi, na wengine kadhaa wasio na picha wala jina, wanyenyekevu. Mmoja wao akaomba kwa adabu kama naweza kuonyesha na upande wa pili wa ufunguo. Bahati nzuri nilikuwa nimeupiga picha pande zote. Nikamwekea ndani ya dakika moja. Hiyo ndiyo huduma kwa msomaji.

Hata ndani ya jengo lenyewe nina wapenzi. Mpangaji wa ghorofa ya tano, bwana anayetengeneza meno ya bandia, ameandika: "Picha safi. Rula imesaidia sana." Angalau mmoja ameona.

Alasiri nilikuwa peke yangu kibandani, mke wangu akiwa jengoni akikabidhi kazi. Gumba akavuka barabara. Alisimama mlangoni akipangusa mikono yenye grisi, ambayo haikuwa inapanguka.

"Shemeji," akasema, "toa ile picha. Mimi naweza kuuchonga ule ufunguo sasa hivi na sijawahi kuushika."

Nimeyanukuu maneno yake jinsi yalivyo, ili vizazi vione majivuno ya mtu huyu. Nimeweka kitu kizuri mbele ya watu na dunia nzima inakitazama, yeye anakuja kuniambia kwamba na yeye anaweza! Akauliza dada yuko wapi, maana amempigia simu haipatikani. Nikamwambia huizima akiwa kazini. Akaniomba nimfikishie ujumbe leo leo. Nikasema nitaufikisha.

Sijaufikisha. Mke wangu amerudi amechoka, ila anaimba. Haimbi mara kwa mara. Sitamletea wivu wa jirani katikati ya wimbo.

Badala yake nimeandika "Wivu: Kutu Inayokula Vitasa." Aya kumi na nne. Mzee wa Insha amerudi.


Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimeitwa kwenye jengo. Nikadhani ni shukrani. Nilivaa tai.

Wapangaji walikuwa wamejaa ukumbini chini, wengine na taulo shingoni. Bi Meneja katikati. Mke wangu kando yake, na mfuko wake wa vifaa. Mtengeneza meno alikuwa mbele ameshika kitu kidogo, na uso wake una furaha ya mtoto aliyepewa ngoma.

Kilikuwa ufunguo. Sehemu ya kuingia mlangoni ilikuwa ya chuma kile kinachoshika meno ya bandia. Kichwa chake kilikuwa cha plastiki ya rangi ya ufizi. Akatueleza kazi yake kwa raha zote. Yeye si mwizi, alisema, yeye ni mtu wa vipimo. Aliona rula, akashindwa kujizuia. Upande wa pili ulipowekwa, mashaka yake yote yakaisha. Akaumimina ufunguo kwenye karakana yake kabla ya chai, akaujaribu kwa jirani. Jirani alikuwa anavaa. Ndiyo maana tulikuwa hapo.

Bi Meneja akamwamuru ajaribu ofisi yake. Tik. Chumba cha mita za umeme. Tik. Mlango wa mjane wa ghorofa ya kwanza, ambaye alianza kulia kabla haujafunguka. Tik. Halafu wakaja kwenye kile chumba cha kando ya ngazi, chenye dirisha. Ule ufunguo wa rangi ya ufizi ukaingia kama umezaliwa humo.

Hakuna aliyeusifu ubora wa picha.

Gumba akaingia akihema. Alikuwa ametoka kibandani kumtafuta mke wangu. Akauchukua ule ufunguo kwa mtengeneza meno, akaugeuza kwenye mwanga, akamrudishia. Wakatazamana kama watu wa kazi moja. Hakuinua dole lolote.

Nilikuwa nasubiri mke wangu apige kelele. Kelele nina majibu yake, nimeyapanga kwa miaka. Hakupiga. Alichukua simu ya mpangaji mmoja, akaitazama ile picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia.

"Mwenzangu," akasema taratibu. "Umeweka na rula."

Basi. Kutwa nzima nimeiandikia sentensi hiyo majibu na kuyafuta, mimi niliyewahi kumnyamazisha mhariri mkuu.

Kisha akamgeukia Bi Meneja. Akasema atafungua upya kila kitasa jengoni na kubadilisha mpangilio wake, kila mlango, kwa nguvu zake mwenyewe, na ifikapo Jumamosi jioni ule ufunguo wa plastiki hautafungua hata kabati. Bi Meneja akatazama viatu vyake. Viatu vya mke wangu vina vumbi la kuchimbia milango hadi kwenye kamba. Akasema sawa, mpaka Jumamosi jioni. Lakini kikipotea kitu chochote kabla ya hapo, hata kijiko, kazi imekwisha na chumba kimekwisha.

Gumba akasema anafunga duka lake mpaka Jumamosi. Hakuulizwa. Alisema tu, akaanza kupandisha mikono ya shati.

Bi Meneja akaongeza sharti moja linalonihusu. Siruhusiwi kuvuka geti.


Jumatano, 12 Machi

Picha nimeifuta. Kwa faida ya historia, naandika hapa kwamba ndicho kitu kilichopendwa zaidi katika blogu yangu yote. "Wivu" nayo nimeifuta. Hakuna aliyegundua.

Nimetazama kazi kupitia nafasi za geti. Unatoa silinda ya kitasa, unaifungua, unamwaga vipini vidogo vya chuma kama punje za mchele, unavipanga upya vikatae ufunguo wa zamani, unarudisha, unachonga funguo mpya. Kisha mlango unaofuata. Mke wangu anafungua, Gumba anachonga. Wanapokezana vitu bila kuangaliana, jinsi walivyofundishwa na mzee mmoja. Sikupenda kuona hivyo, na sababu siijui vizuri.

Mama mkwe ameweka kiti chake getini. Ndiye mlinzi. Yaani mama wa miaka yake, mwenye magoti yake, amekabidhiwa usalama wa jengo zima, na mimi nimewekwa nje! Nilipomsalimu aliitikia akitazama pembeni. Baadaye akaniambia, "Mkwe wangu, hiyo simu ikalie mbali kama unavyokaa mbali na nyuki."

Mchana alifika kijana mwenye begi, amevaa vizuri. Akasema anakwenda kwa rafiki yake ghorofa ya tatu. Mama mkwe akamuuliza jina la rafiki. Akataja. Hakuna mtu wa jina hilo. Akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, mama yake katokea wapi, na kama mama huyo anajua mwanawe yuko wapi saa hizi. Kijana aliondoka kwa mwendo wa mtu aliyesahau jiko linawaka.

Jioni walimsimulia Bi Meneja. Alibadilika rangi. Mke wangu akarudi mlangoni, akaendelea.

Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara. Nilijisikia vibaya kidogo. Nadhani ni jua.


Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu alirudi nyumbani na vidole vimevimba, hawezi kufungua kifuniko cha chupa. Nikamfungulia. Nikamtengenezea na chai. Akainywa. Nimeiandika kama mwanzo wa mazungumzo ya amani.

Kwa mama yake aliongea. Nilikuwa palepale, wanaongea juu ya kichwa changu kana kwamba ni stuli. Ghorofa nne za chini zimekwisha. Kesho wanamalizia ya tano na ya sita. Tatizo kubwa ni simu, ambayo Bi Meneja amemkataza kuizima wiki hii. Wapangaji wanampigia siku nzima kuuliza zamu yao ni lini. Yuko magotini mbele ya mlango, punje zile kiganjani, simu inaita, anashtuka, punje zinamwagika, anaanza upya. Akasema akikosa kumaliza, hatakuwa ameshindwa na vitasa, atakuwa ameshindwa na maswali.

Akaegemeza kichwa ukutani, macho ameyafumba. "Nakitaka kile chumba, mama," akasema. Mama mkwe akamshika mkono, ule uliovimba.

Hakuniambia mimi. Lakini nilisikia. Nami si jiwe.

Nimewaza sana. Nimekubali kosa langu, jambo ambalo wengi hawaliwezi. Kosa langu ni kwamba niliandika kuhusu vitu. Kitasa, ufunguo, historia. Watu hawahitaji vitu, wanahitaji habari. Mke wangu anazama kwenye maswali, na mimi nina blogu yenye wafuasi wengi kuliko wakati wowote, tena wafuasi wanaolifuatilia jengo lile kwa karibu.

Usiku mwema. Kesho namuokoa.


Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka mapema, nimechapisha kabla hajafika jengoni. Kichwa: "Uwazi: Hali ya Milango Asubuhi ya Leo."

Hakuna picha. Hakuna ufunguo. Hakuna rula. Asije mtu akasema mimi sisikii.

Ni jedwali tu, safi, la kusomeka na mtu yeyote. Ghorofa ya kwanza mpaka ya nne: tayari, ufunguo wa zamani haufanyi kazi. Ghorofa ya tano: kitasa cha zamani mpaka saa nane mchana. Ghorofa ya sita: kitasa cha zamani mpaka jioni. Namba ya kila nyumba nimeiweka kwenye mstari wake, ili mpangaji asihangaike kutafuta. Nyumba 6C nimeiandika kwa herufi nzito, na maelezo: wenyewe wamesafiri mpaka Jumatatu, kwa hiyo mlango wao utakuwa wa mwisho, majirani wasipoteze muda kugonga.

Nikakumbuka kwamba wapo wanaomwogopa mama mkwe. Nikaongeza kwa wema kwamba saa sita mchana huenda nyumbani kumeza dawa na kupumzika, na kwa muda huo getini hakuna mtu. Wenye haya wanaweza kupita wakati huo.

Nimetuma kila mahali. Hata kundi la mtaa limenirudisha, kwa majaribio.

Na imefanya kazi! Nimesimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi na sijaona mke wangu akigusa simu hata mara moja. Yupo magotini ghorofa ya tano, nauona mgongo wake kupitia kioo cha ngazi, ametulia, anafanya kazi. Maswali yote sasa yanakuja kwangu. Hatajua ni nani aliyemwondolea mzigo huu mpaka nitakapomwambia jioni, tukiwa tumesimama kwenye dirisha lile.

Swali la kwanza limeingia muda huu, saa sita kasoro. Si bishano, si kejeli, si dole gumba. Mtu anauliza kama pale 6C kuna mbwa. Nimempigia Bi Meneja kuthibitisha, hakupokea. Nikamjibu kwa ninavyojua, kwamba hakuna, na nikamshukuru kwa kujali wanyama.